Siku Walipohesabu Minazi

Sensa ya Agosti 1967 ndiyo iliyokuwa ya mwisho katika nchi hii kumuuliza mtu kabila lake. Zilizofuata, kuanzia ile ya 1978, ziliuliza umri, elimu na kazi, lakini kabila ziliacha. Ile ya mwisho mimi niliiona. Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, nimekaa juu ya mbuzi nakuna nazi kwenye ua wa nyumba tuliyopanga Temeke, na kijana wa sensa alipomaliza kuwaandika wanaume barazani alipita koridoni akaja uani kuwaandika waliokuwa wakipika.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya Kiswahili, kama zote za mtaa ule: fito na udongo, ukuta umepigwa chokaa, korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, na uani jiko, bafu na choo cha shimo. Mwenye nyumba, ambaye sote tulimwita Bibi, alikuwa Mmanyema mzaliwa wa Kariakoo. Wazee wake walifika pwani kutoka upande wa Kongo enzi za misafara. Kilichoelekeana na chumba chake kilikuwa cha fundi cherehani wa Kinyamwezi na mkewe. Kilichofuata alikaa Mmakonde, mlinzi wa usiku, aliyevuka Ruvuma kuwakimbia Wareno. Kulikuwa na mama wa Kiluguru aliyeuza mchicha na matembele. Sisi tulikuwa wengi kuliko wote chumbani: baba Mndengereko wa Rufiji, kuli wa bandarini, mama Mzaramo wa Kijitonyama, na watoto. Chumba cha mwisho, ambacho mlango wake ndio pekee uliopakwa rangi, alikaa kijana wa Kichaga, karani wa ofisi moja mjini. Tulimwita Kaka Karani.

Kijana wa sensa akauliza, kila mtu akajibu. Mmakonde alisema yeye ni Mmakonde wa ng'ambo, akaulizwa ng'ambo ipi, akaonyesha kwa mkono upande wa kusini mpaka wote wakacheka. Mimi nilipoulizwa niliangalia kwanza kwa mama, kwa kuwa sikuwahi kuulizwa. Mama akasema, "Andika la baba yake." Alipofika kwa fundi cherehani, Bibi akamjibia kutoka jikoni: "Huyo andika mpangaji, na kodi ya mwezi uliopita hajalipa." Fundi akadai aandikwe mume wa Bibi, kwa kuwa kodi ya mke hailipwi.

Mzaha huo ulikuwa chakula chetu cha kila siku. Wanyamwezi na Wazaramo ni watani tangu misafara ya pembe, na fundi hakukubali utani ufe. Kaka yake mama alipofariki na maiti ikapelekwa Kijitonyama kuzikwa, fundi alifunga cherehani yake, akatutangulia makaburini, akaingia ndani ya mwanamwandani akalala. Hatoki. Anamdai marehemu, anasema, na deni haliwezi kuzikwa. Wakamlipa senti, akazikataa, wakaongeza, akatoka huku akilia kweli. Babu yangu mzaa mama, ambaye asubuhi nzima hakuwa amefungua kinywa, alicheka. Niliyasomea sana makabila baadaye, chuoni na vitabuni, na sikukuta maelezo yaliyonifundisha zaidi ya alasiri ile.

Kwa hiyo mtu akiniambia leo kwamba umoja wa Watanzania ulikuwa wimbo wa chama tu, simkubalii. Sisi tuliokaa vyumba vile tuliuishi kabla chama hakijatufikia mlangoni. Mtoto akiugua usiku, mlango uliogongwa ulikuwa wa karibu, na wa karibu alikuwa Mluguru. Lakini nyumba ile ile ilikuwa na kitu kingine ambacho utani haukukigusa, na kilinichukua miaka kukiona.

Kaka Karani alikuwa na taa ya chemli. Sisi tulikuwa na koroboi. Baada ya chakula cha jioni aliniita niketi kizingitini pake, mlango wazi ili watu waone, akanifundisha hesabu za mafumbo: mabomba mawili yanajaza tangi, moja linavuja. Hakutaka malipo. Mama alimpelekea vitumbua, basi. Nilipomuuliza alijifunzia wapi, alisema kwao kila kitongoji kilikuwa na shule, ya Walutheri au ya Wakatoliki, na kahawa ya baba yake ililipa ada. Alisema hivyo bila kujivuna hata kidogo. Mimi nilidhani kila mahali ni hivyo, isipokuwa kwetu.

Kwetu ilikuwa namna nyingine. Minaki, mojawapo ya shule zilizosifika sana zama za Mwingereza, ilikuwa Kisarawe, ndani ya Uzaramo kabisa, ya misheni ya Kianglikana. Babu aliifahamu. Aliwahi kupeleka nazi huko. Lakini kumpeleka mwanawe kulikuwa na maana ya kumwona akirudi na jina la Kizungu na msalaba shingoni, na babu alikuwa mtu wa chuo cha Kurani. Wajomba zangu walihitimu juzuu, wakajua kusoma na kuandika kwa herufi za Kiarabu, na serikali ya mkoloni haikuwa na kazi ya kumpa mtu anayeandika kwa herufi hizo. Wachaga, Wahaya na Wanyakyusa hawakuwa na akili kutuzidi. Walikuwa na misheni na kahawa mahali pamoja. Sisi tulikuwa na bandari, na bandari ilitaka mabega.

Na mji wenyewe uliwekwa ili kila mtu ajue pake. Wajerumani walianza kuugawa kwa kanuni za ujenzi tangu 1891, Waingereza wakaukamilisha: Uzunguni kwenye upepo wa bahari, mpaka Oysterbay, Uhindini kwenye maduka na maghorofa, na Mwafrika Kariakoo na Ilala, akitenganishwa na Uhindini kwa uwanja wa Mnazi Mmoja, uliobaki wazi kwa makusudi. Baada ya Vita Kuu ya Pili wakajenga kota za Waafrika Temeke, Magomeni na kwingineko. Tulipopata Uhuru Desemba 1961 kuta za sheria ziliondolewa, lakini nyumba zilibaki pale pale zilipokuwa. Mara moja tu nilifika Oysterbay nikiwa mdogo, nimefuatana na Mmakonde wetu. Ilikuwa Februari 1969, Eduardo Mondlane wa FRELIMO ameuawa huko kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu alichotumiwa kwa posta, na Mmakonde alitaka kupaona. Askari alitugeuza njiani. Nilichokumbuka zaidi ni majani: yamekatwa, na hayakuwa na mbuzi wala ng'ombe wa kuyala.

Mwaka 1970 nilifanya mtihani wa darasa la saba nikafaulu. Nasema kwa uwazi kwamba nilifaulu kwa taa ya Mchaga. Nasema pia kwamba ningezaliwa miaka kumi kabla, kufaulu kusingenifikisha popote, maana shule za sekondari ziligawanywa: za Wazungu, za Wahindi, za Waafrika, na zetu zilihesabika kwa vidole. Kuanzia Januari 1962 ubaguzi huo wa rangi ulifutwa, na sheria ya 1969 ikazitia shule za dini zilizosaidiwa na serikali mikononi mwa taifa. Ndivyo binti wa kuli, Mwislamu wa Temeke, alivyopangiwa kidato cha kwanza katika shule ya mjini iliyokuwa ya Wahindi. Wanaomsema Nyerere vibaya mbele yangu huwa nawaacha wamalize, kisha nawaambia habari hiyo.

Dawati langu nilishiriki na msichana wa Kiismailia. Alijua Kiswahili cha dukani, mimi nilijua Kiingereza cha vitabuni, tukasaidiana. Aprili 1971 sheria ikapita: majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 yanataifishwa na kuwekwa chini ya Msajili wa Majumba. Mtaani kwetu watu walifurahi, hata Bibi, ambaye nyumba yake ya udongo isingefika thamani hiyo hata ingejazwa nazi mpaka darini. Sheria haikutaja rangi. Lakini kwa kuwa walioachiwa na mkoloni nafasi ya kujenga maghorofa walikuwa Wahindi, basi waliolia walikuwa wao. Baba wa rafiki yangu alikuwa na jengo moja la ghorofa mbili, alilolijenga kwa mkopo na duka la vitambaa. Siku moja wakati wa mapumziko rafiki yangu aliniuliza, bila hasira, kama sisi tumepata chumba kwenye jengo lao. Nilicheka kwa mshangao. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kudhani jengo lile limekuja kwetu. Mwaka uliofuata wakahamia Kanada, akaniachia mkebe wake wa jometri.

Swali lake lilipata jibu baadaye kidogo. Aliyepata nyumba ya Msajili alikuwa Kaka Karani. Alikuwa amepanda cheo, ofisi ikamwandikia barua, na barua ikampatia fleti Upanga. Tulimsaidia kupakia kitanda kwenye mkokoteni. Bibi alimpa kuku. Mama alilia. Nilipokwenda kumsalimia nilikuta maji yanatoka ukutani na mkewe, aliyemleta kutoka Marangu, akinikaribisha kwa heshima zote za Kiswahili. Alistahili. Hakuiba, hakupendelewa na ndugu. Ila nilipokuwa nikirudi Temeke kwa basi nilianza kujiuliza kwa nini katika vyumba sita ni kimoja tu kilichokuwa na mtu wa kuandikiwa barua.

Sasa niende Kijitonyama.

Shamba la babu lilikuwa la minazi na mikorosho, na miembe miwili mikubwa. Kutoka Temeke tulipanda basi la DMT, tukashuka, kisha tukatembea kwenye mchanga mpaka kisimani. Hakuna aliyeliita shamba lile mji. Babu alilirithi kwa baba yake, ambaye alilifyeka mwenyewe, na mipaka ilikuwa mti huu na mti ule, na shahidi ni jirani. Likizo zangu zote zilikuwa pale. Nilijua mnazi upi una dafu tamu na upi wa kuachwa ukomae kwa ajili ya tui.

Mwaka 1974 serikali ilikubaliana na Benki ya Dunia kuhusu mradi wa viwanja na huduma. Mpango ulikuwa mzuri, na mpaka leo naona ulikuwa mzuri. Badala ya kubomoa vibanda vya maskini na kujenga nyumba chache za gharama, kama ilivyofanyika miaka ya 60, ardhi ipimwe, barabara na maji vipitishwe, watu wa kipato cha chini wapewe viwanja wajijengee polepole. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zikachaguliwa kwa viwanja vipya, Manzese ikaachiwa watu wake na kuwekewa huduma. Ilibaki kupata ardhi yenyewe.

Nilikuwepo walipokuja. Walikuwa vijana wa heshima, wanamwita babu "ndugu mzee", wana mnyororo wa kupimia, vigingi na kopo la rangi nyekundu. Kazi yao siku hiyo haikuwa kupima. Ilikuwa kuhesabu. Mmoja aligusa mti na kutaja, mwenzake akaandika, wa tatu akatia namba kwenye gogo. Mnazi unaozaa. Mnazi mchanga. Mkorosho. Mwembe. Kibanda cha udongo, kimoja. Kisima. Makaburi waliyahesabu pia, maana kuhamisha kaburi kulikuwa na fungu lake. Babu alifuatana nao tangu asubuhi akiwasahihisha: huu unazaa, msiuandike mchanga. Walimkubalia. Aliwachumia madafu. Ilipofika alasiri wakamsomea orodha, akaisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Na minazi yenyewe imesimama juu ya nini?"

Yule mwenye karatasi alimweleza kwa upole. Ardhi ni ya umma. Mtu hulipwa alichokiweka juu yake, jasho lake, mti na nyumba. Ardhi hakuiumba yeye. Alisema kweli. Mwalimu Nyerere alikuwa ameyaandika mawazo hayo tangu 1958, na 1963 sheria ikafuta umilikaji wa ardhi wa kudumu ulioachwa na wakoloni. Shabaha ilikuwa kumzuia tajiri asiinunue nchi akatugeuza sote wapangaji. Nilifundishwa hivyo darasani na nikaja kuwafundisha wengine, na nikiona bei za viwanja leo nasema aliona mbali. Lakini sheria iliyotengenezwa kumzuia bepari ilimkuta babu, na haikuwa na njia ya kumtofautisha. Haki yake haikuandikwa popote. Ilikuwa mdomoni mwa majirani, nao walikuwa wanahesabiwa minazi yao siku hiyo hiyo.

Fidia ilipotoka babu alinunua shamba Goba, ambako wakati huo ilibidi utembee nusu siku, akaanza kupanda upya. Mnazi unachukua miaka sita, saba kuzaa. Yeye alikuwa amepita sitini.

Mimi nikamaliza chuo cha ualimu nikaanza kazi mwaka 1977, mwaka ambao Elimu ya Msingi kwa Wote iliwaleta watoto wote darasani kwa mpigo mmoja. Nilipangiwa shule ya Temeke. Watoto waliketi chini, mawe mapajani yakiwa meza, na daftari za mazoezi ya hesabu nilizisahihisha usiku mpaka macho yakauma. Sikulalamika sana, niliwaona mabinti ambao mama zao hawakushika kalamu.

Kisha mwalimu mwenzangu akaniambia viwanja vya Sinza bado vinatolewa, na mfanyakazi wa serikali wa mshahara mdogo ndiye anayetakiwa. Fomu ilitaka picha, hati ya mshahara na barua ya mwajiri. Nikaijaza kwa mwandiko wangu mzuri. Mwajiri akaandika barua. Baada ya kungoja, jina langu likatokea. Benki ya Nyumba ikanikopesha vifaa. Nikapata kiwanja umbali mfupi tu kutoka yalipokuwa makaburi ya wazee wa mama yangu, na hakuna mstari kwenye fomu ile ulioniuliza kama nina asili yoyote na mahali pale. Babu angeweza kuomba vilevile, hakuna aliyemkataza. Hakuwa na mwajiri tu.

Nilikwenda Goba kumwambia. Alifurahi kweli, akasema angalau mmoja wetu amerudi. Akanipa miche mitatu ya minazi nipande kiwanjani. Sikupata pa kuipanda. Mchoro ulitaka nyumba ikae katikati, na choo na shimo la maji machafu vikachukua nyuma.

Kujenga kulinichukua karibu miaka kumi. Saruji ya Wazo ilitoka kwa kibali, bati kwa kibali, na kibali kwa anayekujua. Nilisikia wengi wakisema kwamba pale ndipo ukabila ulipokuwa, kwamba Mchaga alimpa Mchaga. Mengine niliyaona. Ila niliona zaidi aliyesoma akimpa aliyesoma naye. Saruji yangu ya msingi niliipata kwa Kaka Karani, ambaye sasa alikuwa bwana mkubwa wa ghala, na hakunidai hata chai. Mtaa wangu ulipojaa ulikuwa na nesi wa Kihaya, dereva wa shirika wa Kipare, mhasibu wa Kinyakyusa, Mngoni wa jeshi, Mzanzibari mmoja, na Wachaga kadhaa. Mzaramo nilikuwa mimi, kwa upande wa mama. Wengi walikuwa na vyeo vilivyozidi kile ambacho mradi ulikikusudia. Hilo halikuwa siri, hata waliochunguza mradi waliandika. Maskini aliyepewa kiwanja akikosa saruji alikiuza kwa mwenye saruji. Na wenyeji walioondolewa hawakuwa wanajenga. Walikuwa wanasubiri minazi izae.

Nisipotoshe: watu wa bara waliofika Dar es Salaam maskini walikuwa wengi kuliko waliofika na vyeti. Mgogo aliyesukuma maji ya madebe Manzese, Mluguru wa mchicha, Mmatumbi wa kubeba zege, hao hawakuandikiwa barua zaidi ya babu. Na wapo Wazaramo waliosoma wakapata. Ndiyo maana hesabu za kabila, hata kama sensa ingeendelea kuzikusanya, zisingeeleza jambo hili. Tulikuwa tumeacha kuulizana kabila, na tulifanya vyema. Lakini ramani ya shule aliyoichora mmisionari na ramani ya mji aliyoichora mkoloni ziliendelea kufanya kazi zikiwa kimya, kupitia hati ya mshahara na barua ya mwajiri. Tukawa tunashangaa kwa nini ngazi zinapandwa na watu wale wale katika nchi isiyo na ukabila.

Miaka ya 80 sina haja ya kuirefusha. Tulipanga foleni, tukala ugali wa njano tuliouita wa Yanga, tukapanda magari ya chai maharage kwenda kazini. Babu alifariki Goba Aprili 1984, wiki moja na Waziri Mkuu Sokoine, na redio ilikuwa ikipiga nyimbo za maombolezo matanga yote, ikawa kama nchi nzima inamlilia yeye. Fundi cherehani alikuwa amekwisha kurudi Tabora, hivyo kaburini hakuna aliyelala. Mwaka uliofuata Mzee Ruksa akawa rais. Mitumba ikashuka, biashara ikafunguliwa, na miaka ya 90 zikaota shule za binafsi zinazofundisha kwa Kiingereza. Watoto wa mtaani kwangu wakaanza kuchukuliwa na mabasi ya njano asubuhi. Wanafunzi wangu wa Temeke walikuwa bado chini. Watoto wa mabasi yale walikuwa wa kila kabila na hawakujua lugha ya kabila lolote. Kwa hiyo katika hilo tulifaulu.

Na mji ukafika Goba. Safari hii hawakuja na kopo la rangi. Walikuja na magari yao, mmoja mmoja, wakimuuliza mjomba kama ana kipande. Sheria mpya ya ardhi ya 1999 ilikuwa imekubali waziwazi kwamba ardhi yenyewe ina thamani na fidia lazima iihesabu. Lakini hakukuwa na fidia hapa, kulikuwa na kuuziana. Mjomba aliuza kipande kwa ajili ya harusi ya binti, kingine kwa operesheni ya mguu, kingine kwa pikipiki ya kijana ambayo iliibwa. Mauziano yaliandikwa kwenye karatasi ya daftari mbele ya mjumbe, mjomba akatia dole gumba. Bei alizotaja mwanzoni zilinisikitisha. Nilimwambia, "Mjomba, subiri." Akaniuliza watakula nini wakisubiri. Nilikuwa na jibu la mwalimu, si la mwenye njaa, nikalimeza.

Kipande cha mwisho kilikuwa chenye kaburi la babu. Aliyekinunua ni Mnyakyusa, mtu wa kampuni, mstaarabu. Alipoambiwa kuna kaburi hakutaka lihamishwe; aliandika mwenyewe kwenye makubaliano kwamba ukoo una ruhusa ya kuingia wakati wowote. Amelijengea ukuta mdogo, na kila Idd tukienda kusoma dua mkewe hututolea chai na sambusa. Sina la kumlaumu. Ana geti na kampuni ya ulinzi, na kampuni ina utaratibu: kila anayeingia anaandika kwenye daftari jina, namba ya simu, saa, na anakwenda kwa nani. Idd iliyopita nilishika kalamu, na kwenye nafasi ya mwisho nikaandika jina la babu. Mlinzi, kijana wa Kigoma mwenye adabu, aliligeuza daftari akalisoma.

"Shikamoo bibi. Samahani, hapa hakuna mtu wa jina hili."

Binamu yangu akacheka, akachukua kalamu, akaandika jina la mwenye nyumba, tukaingia.